Shajara ya mradi: mfuniko wa tangi unaobeba paka

Beta dume mmoja, yule samaki wa kupigana mwenye mapezi marefu, na paka jike wa kilo 4.3, katika sebule moja ya ghorofa ya pili Dar es Salaam. Hakuna anayehamishwa. Kinachobadilika ni tangi, meza, mfuniko, nyaya na ratiba ya nyumba. Tangi ni la kioo cha milimita 5, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Likijazwa hadi sentimita 5 chini ya ukingo linashika lita 54.

Juma la 1: kulitoa bakuli

Samaki alikuja katika bakuli la duara la lita 4. Limeondolewa kabla ya jambo lingine lolote. Likijaa lina kilo 5 hivi, karibu sawa na paka mwenyewe, na tako lake ni dogo: paka akitia miguu miwili ya mbele ukingoni, limeinama. Halifunikiki, halina nafasi ya chujio, na amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hujaa ndani yake kwa siku chache tu. Bakuli linaua samaki hata katika nyumba isiyo na paka.

Tangi la lita 54 ni jambo tofauti. Maji kilo 54, kioo kilo 10, changarawe kilo 6: jumla kilo 70. Likiwa sakafuni, kulipindua kwa kulisukuma ukingo wa juu kunahitaji nguvu ya kilo 30. Lakini halikai sakafuni. Ukiliweka juu ya meza yenye kimo cha sentimita 75 na upana wa 30, ukingo wa juu unafika sentimita 110, na nguvu ya kupindua mzigo wote, meza ikiwemo, inashuka hadi kilo 11 hivi. Paka wa kilo 4.3 anayerukia ukingo kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, akasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, anasukuma kwa nguvu ya kilo 13. Msukumo huo ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo mara ya kwanza meza itatikisika tu. Maji nayo yataanza kuyumba, na maji yanayoyumba yanasukuma upande uleule meza inakoelekea. Ndiyo maana meza nyembamba imekataliwa.

Meza iliyotengenezwa ni ya mninga, urefu sentimita 70, upana 40, kimo 75, miguu ya sentimita 5 kwa 5. Nyuma imefungwa ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, skrubu za milimita 60 katika plagi za plastiki za milimita 8. Toboa tofali lenyewe. Skrubu iliyoshika lipu peke yake itang'oka na kipande cha lipu siku ya kwanza itakapovutwa.

Tangi limewekwa katikati ya meza ili kila upande ubaki na sentimita 5 tu. Kipimo hiki si cha urembo. Ukilisukuma tangi hadi ukutani, mbele inabaki rafu ya sentimita 10, na hapo paka anapata pa kukaa uso kwa uso na samaki. Sentimita 5 zinamtosha kukanyaga, si kukaa.

Chini ya kioo kuna fomu ngumu nyeupe ya sentimita 1. Pimamaji imetumika kwanza mezani, kisha maji yenyewe: baada ya kujaza, tulipima kutoka ukingoni hadi usoni mwa maji katika pembe zote 4. Tofauti ilikuwa milimita 4. Tukatoa maji, tukaweka kibanzi chini ya mguu wa kushoto, ikashuka hadi milimita 1. Kibanzi kinawekwa chini ya mguu wa meza, kamwe si chini ya kioo.

Juma la 2: akriliki imeshindwa

Kanuni ya kazi yote tuliiandika mapema: paka mzima huruka mita 1.5 kwenda juu bila shida. Tangi la sentimita 110 halikwepi chochote kwa urefu wake. Kwa hiyo mfuniko unatengenezwa kwa kuchukulia kwamba paka atakaa juu yake kila siku. Mifuniko mingi ya dukani imetengenezwa kumzuia samaki asitoke, basi.

Mfuniko wa kwanza: akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo) ya milimita 3. Ni nyepesi, inakatika kwa msumeno mdogo, inang'aa. Siku ya 6 pembe zake zilikuwa zimeinuka milimita 7. Sababu ni kwamba uso wa chini unanyonya unyevu wa tangi na kutanuka, uso wa juu unabaki mkavu, basi bamba zima linajikunja kama kigae. Milimita 7 ni mlango kwa kucha za paka. Anazichomeka, anavuta, na bamba la gramu 600 linainuka.

Dosari ya pili ni joto. Saa 9 alasiri, chumba kikiwa nyuzi 31, maji chini ya akriliki yalifika 31.2. Beta anapenda nyuzi 24 hadi 28. Mfuniko usiopitisha hewa unazuia maji kuvukizwa, na kuvukizwa ndiko kunakoyapoza.

Kioo nacho kilifikiriwa. Cha milimita 4 kwa kipimo hiki kina kilo 1.8, na hakijikunji. Lakini paka anayeshuka kutoka juu ya kabati anatua kwa kishindo, na kioo cha kawaida kikivunjika kinamwagika vipande ndani ya tangi, kwenye miguu ya paka na kwenye zulia. Anayetaka kioo achukue cha milimita 6, na amwambie fundi akate pembe za nyaya kabla ya kukipeleka kukazwa kwa moto, maana kikishakazwa hakikatiki tena. Huku Pwani tatizo la joto litabaki palepale.

Juma la 3: wavu na fremu

Tukaenda kwenye wavu. Hapa ndipo makosa yanapofanywa mengi.

Wavu wa kuku haufai: matundu ni mapana, beta anapita. Wavu wa mbu wa nailoni unachanika kwa kucha mara moja. Waya wa mabati uliopakwa zinki ni mgumu na wa bei nafuu, lakini mvuke unagandia kwenye waya, unadondoka, na kila tone linashusha zinki kidogo majini. Konokono wa tangi wanaathirika kwanza, samaki baadaye. Tumechukua wavu wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu, wenye matundu ya milimita 6 na waya wa milimita 1. Mguu wa paka una upana wa sentimita 3 hivi. Ukucha unaweza kuchungulia kwenye tundu, kidole hakipiti. Samaki mwembamba kuliko beta, kama gapi mchanga, anahitaji matundu ya milimita 3. Vivyo hivyo kwa Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki (mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja). Hao ni warukaji wakubwa na huona kila mwanya.

Fremu ni ya alumini ya pembe, milimita 20 kwa 20, unene 1.5. Vipimo vya ndani ni sentimita 60.5 kwa 30.5, ili iteremke nje ya kioo kama kifuniko cha sufuria na ishike pande zote kwa milimita 20. Mfuniko unaolala juu tu husogezwa. Unaoshuka kandokando hausogei. Pale alumini inapokalia ukingo wa kioo tumebandika mpira wa milimita 3, uzito uenee ukingo mzima badala ya kukaa kwenye nukta mbili tatu.

Juu imegawanywa mara mbili. Sehemu ya nyuma, sentimita 12, haifunguki kamwe. Ndiyo yenye tundu la kupitishia nyaya na mpira wa pampu ya hewa. Sehemu ya mbele, sentimita 18, ina bawaba mbili na makomeo mawili madogo ya kugeuza. Mwanzo tulijaribu sumaku badala ya makomeo. Sumaku inazuia mlango usijifungue wenyewe, haizuii mkono unaovuta, na kucha za paka zinavuta.

Kingo za wavu zimekunjwa ndani ya fremu na kupigwa tupa. Beta hurukia mfuniko, hasa usiku, na ncha moja ya waya inapasua pezi lote.

Kati ya uso wa maji na wavu kuna sentimita 5 za hewa. Hizi haziguswi hata kwa anayetamani tangi lililojaa pomoni. Beta ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, na lazima apande juu kuvuta. Ukimnyima hewa ya juu anakufa ndani ya maji safi.

Juma la 4: majaribio ya uzito

Yamefanywa mfuniko ukiwa juu ya fremu ya mbao ya kipimo kilekile. Usijaribu kishindo juu ya tangi lenye maji.

Jaribio la kwanza: mfuko wa mchanga wa kilo 10 katikati, saa 24. Wavu uliinama milimita 11. Paka hatadondoka, lakini waya unaoinamainama kila siku hulegea kwenye fremu. Tukaongeza upau mmoja wa alumini katikati, kuvuka upana. Jaribio likarudiwa, kikapatikana kiinamo cha milimita 2.

Jaribio la pili: mfuko wa kilo 5 uliodondoshwa kutoka sentimita 60, mara 10. Dondosho la tatu liling'oa bawaba. Riveti za milimita 3.2 hazikuvunjika, alumini nyembamba ndiyo iliyopasuka kuzizunguka, tundu likawa pana kuliko kichwa cha riveti. Zimebadilishwa kwa bolti za milimita 4 zenye washa pana pande zote mbili. Madondosho 10 mapya, hakuna kilichosogea.

Mfuniko ukawekwa tangini. Saa 9 alasiri, chumba nyuzi 31 tena, maji nyuzi 28.9. Gharama yake ni maji yanayopotea: uso unashuka milimita 2 hadi 3 kwa siku, yaani nusu lita hivi, ya kuongezwa kwa maji yaliyolazwa ndooni saa 24 ili klorini itoke. (Ndoo nayo ifunikwe. Paka hunywa humo.) Kwa nyumba za Arusha, Njombe au Nairobi mambo yanageuka. Usiku wa baridi wavu mtupu unayapoza maji kupita kiasi, na hewa baridi juu ya maji inamwumiza beta anapovuta pumzi. Huko funika theluthi mbili ya wavu kwa kipande cha polikaboneti (plastiki ngumu) usiku, na uweke hita ya wati 50.

Juma la 5: umeme

Chujio ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, maana beta hapendi mkondo mkali. Pampu ilikuwa imewekwa chini ya meza. Hilo ni kosa la hatari mahali ambapo umeme hukatika: pampu ikizima, maji yanarudi nyuma kwenye mpira kwa kunyonywa hadi kwenye pampu na soketi. Imetundikwa ukutani juu ya usawa wa maji, na mpira umewekewa vali ya kuzuia maji kurudi.

Nyaya zote zimepitishwa ndani ya bomba gumu la PVC la milimita 20 linaloshuka nyuma ya mguu wa meza, kwa sababu waya unaoning'inia ni mchezo wa paka na waya uliotafunwa ni kifo chake. Kabla ya kufika kwenye soketi, kila waya unashuka chini ya usawa wa soketi kisha unapanda. Tone linalotambaa kwenye waya litadondokea sakafuni pale kwenye tumbo la waya. Soketi yenyewe inalindwa na RCD, swichi inayokata umeme mara unapovuja, ya miliampea 30. Kitufe chake cha kujaribia kinabonyezwa kila mwezi.

Taa imeondolewa juu ya mfuniko na kufungwa ukutani, sentimita 25 juu ya wavu. Taa inayolala juu ya mfuniko inapasha joto, na paka hufuata joto kama nzi anavyofuata embe.

Juma la 6: paka na samaki pamoja

Siku mbili za kwanza paka alikaa juu ya wavu karibu saa moja kila jioni. Mfuniko haukusogea. Samaki ndiye aliyeumia: mapezi yalibanwa mwilini, wekundu ukafifia, akajificha nyuma ya sponji, chembe 4 za chakula zikashuka chini bila kuguswa. Samaki anayetazamwa na mwindaji kutwa nzima hudhoofika hata asipoguswa.

Yaliyorekebishwa ni haya. Pande tatu za tangi zimefunikwa karatasi nyeusi kwa nje, samaki aone mbele tu. Chungu kidogo cha udongo kimelazwa kwa ubavu. Anubias, mmea wa mito ya Kongo na Afrika Magharibi unaokua hata kwenye mwanga hafifu, umefungwa kwa uzi kwenye kipande cha mti ili majani yake mapana yafike karibu na uso wa maji. Shina lake nene linalotambaa halifukiwi, litaoza. Na muhimu kuliko vyote, paka amepewa mahali pazuri zaidi: rafu ya sentimita 30 kwa 50 dirishani, kimo sentimita 140, yenye kipande cha zulia. Paka hupenda kukaa juu kuliko vyote vilivyomo chumbani. Ukimfukuza mfunikoni bila kumwonyesha pa kwenda, unamfundisha kupanda wakati haupo.

Tepu yenye gundi pande mbili imebandikwa kwenye zile sentimita 5 za meza kwa majuma matatu, ikiwa ni kumkumbusha tu. Kochi lililokuwa sentimita 60 kutoka kwenye tangi limesogezwa hadi mita 2.

Ratiba imefuata saa za paka. Uwindaji wake huamka alfajiri na magharibi. Taa ya tangi inawaka saa 3 asubuhi na kuzimwa saa 11 jioni, kabla ya magharibi, ili samaki asing'ae gizani. Saa 12 jioni paka anachezeshwa kwa fimbo na kamba dakika 10, kisha anapewa chakula chake jikoni, mbali na tangi. Bakuli la maji ya kunywa limewekwa sebuleni pia. Paka wengi hupanda tangi kwa kiu tu, hasa wakisikia viputo.

Siku ya 9 beta alikula akiwa mbele ya kioo, mapezi wazi.

Juma la 7: dawa

Sehemu hii inastahili kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Dawa nyingi za mbu na viroboto ni za jamii ya pairethroidi, sumu za wadudu zinazoiga sumu ya maua ya pareto. Binadamu anazivumilia kwa kiasi kidogo; samaki hazivumilii hata kidogo. Anayepuliza dawa ya mbu jioni katika chumba chenye tangi, pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi, anaisukuma dawa moja kwa moja majini, maana pampu inavuta hewa ya chumba. Moshi wa dawa ya mbu ya kuwasha unaingia kwa njia hiyohiyo. Uamuzi: sebule hii haipulizwi kabisa, madirisha yamewekwa nyavu. Ikilazimika kupuliza, pampu inazimwa, tangi linafunikwa shuka nzito lililoloweshwa na kukamuliwa, chumba kinafunguliwa madirisha kwa saa nzima, ndipo shuka litoke na pampu iwashwe.

Paka naye hawekewi dawa ya viroboto ya mbwa. Permethrini, mojawapo ya pairethroidi, iliyomo katika nyingi ya hizo inamuua paka. Dawa yake mwenyewe ya kudondoshea shingoni, hata iwe salama kwake, bado inaweza kuwa sumu kwa samaki: baada ya kuipaka, sebule inafungwa kwa paka saa 48, na mikono iliyompaka inaoshwa kwa sabuni kisha kusuuzwa sana kabla ya kugusa tangi.

Mafuta ya kufukuzia paka, ya mchaichai, mikaratusi, machungwa au mnanaa, yamekataliwa. Yanadhuru ini la paka na yanatanda juu ya maji. Vidonge vya nondo ni sumu kwa wote wawili.

Juma la 8: kubadilisha maji

Mfuniko ulio bora kuliko yote hausaidii kitu ukiwa wazi. Saa ya hatari ni hiyo ya kubadilisha maji, mikono miwili ikiwa imeshika mpira na ndoo. Utaratibu uliowekwa: paka anafungiwa chumbani na mlango unahakikishwa kwa mkono, umeme unazimwa, mlango wa mbele wa mfuniko tu ndio unaofunguliwa, lita 13 zinatolewa (robo ya maji), lita 13 zinarudishwa kwa joto lilelile, tofauti isizidi nyuzi 2, makomeo yote mawili yanageuzwa, ndipo paka anatoka. Kazi ni dakika 25.

Kwenye mlango wa kabati imebandikwa hatua ya dharura. Samaki akiwa sakafuni: lowesha mikono kwa maji ya tangi, mchukue kwa viganja viwili, usimpanguse, mrudishe majini. Beta mwenye ngozi mbichi bado anaweza kupona baada ya dakika kadhaa nje, kwa hiyo usimkatie tamaa kwa kumwona ametulia. Akiwa na jeraha la jino au ukucha, mtenge kwenye chombo cha lita 5 chenye maji ya tangi lake, mfuniko na kiza, chumvi gramu 1 kwa kila lita, nusu ya maji ibadilishwe kila siku. Maji yaliyotiwa dawa ya samaki hayaachwi mahali paka anapofika.

Juma la 10

Paka amepanda mfunikoni mara 2 tu juma hili, mara zote mbili mchana wa mvua. Mpira wa chini ya fremu umebonyea milimita 1 upande wa bawaba. Utabadilishwa kwa ulio mgumu zaidi. Bolti moja ya bawaba ilikuwa imelegea robo mzunguko, ikakazwa na kuongezwa nati ya pili. Kinachofuata ni kukata kipande cha polikaboneti cha sentimita 40 kwa 30 kwa ajili ya usiku wa Julai.